Gitaa la Mjapani Lilivyofika Garissa

Garissa utapata karibu kila kitu kilichotoka Japani. Land Cruiser ya kwenda Dadaab ipo. Probox ya miraa ipo. Kinanda cha Yamaha cha harusi kipo, na kuna mzee ambaye hawezi kukuuzia redio yake ya National hata ukimpa simu mpya na bando la mwezi mzima juu. Kitu ambacho hutakipata kirahisi ni gitaa la umeme. Nimelelewa mji huu, na kabla sijaanza kutafuta la kwangu nilikuwa nimeyaona mawili tu kwa macho.

Nilitaka gitaa la mtumba, lililotengenezwa Japani, zuri. Nilidhani shida itakuwa pesa na usafiri. Kumbe shida ya kwanza ni maswali. Abti yangu, mjomba upande wa mama, aliniangalia tu akasema: "Waaryaa, hiyo si ya kanisani?" Rafiki yangu wa Nairobi naye akacheka: gitaa na Garissa wapi na wapi? Wote wawili walikuwa wanasema kitu kimoja, kwamba hiki chombo si chetu, kimepotea njia. Nikaanza kuchimba ili niwajibu, na nilichokipata kinaonyesha kwamba gitaa halikupotea njia. Njia ndiyo ilifungwa.

Anza na karatasi ya kura. Eneo bunge la Garissa Township lina wadi nne: Township, Galbet, Waberi na Iftin. Kwa Kisomali, waaberi ni mapambazuko na iftin ni nuru. Lakini mtu anayejua muziki wa Mogadishu wa miaka ya 1970 akisikia majina hayo mawili hafikirii MCA. Anafikiria bendi. Waaberi lilikuwa kundi kubwa la taifa la wanamuziki, wacheza ngoma na waigizaji. Iftin ilikuwa bendi iliyolelewa na Wizara ya Elimu ya Somalia, na mwaka 1977 ilipanda jukwaani Lagos kwenye FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za Waafrika. Sisemi wadi zetu zilibatizwa kwa heshima ya bendi. Ni maneno ya kawaida, mazuri, na yeyote anaweza kuyatumia. Nasema tu kwamba ukivuka mpaka kutoka kwetu, maneno yaleyale yalikuwa na magitaa nyuma yake.

Na kabla ya gitaa kulikuwa na udi, ambao sisi tunauita kaban. Abdullahi Qarshe, ambaye wengi humwita baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa mwaka 1924 huko Moshi, Tanganyika. Ndiyo, Moshi hiyo hiyo ya Kilimanjaro. Babake alipofariki familia ilihamia Aden, na kwenye mji ule wa bandari kijana akakutana na filamu za Kihindi, muziki wa Kiarabu na udi. Alipofika Hargeisa miaka ya 1940, chombo cha nyuzi kilikuwa kitu cha kutiliwa shaka. Wenye heshima zao walikiona kama mlango wa uhuni. Lakini kufikia uhuru wa 1960 nyimbo zake zilikuwa sauti ya taifa linalozaliwa, na katika maisha yake alipiga udi, gitaa na piano. Kwa hiyo hoja ya "hiki si chetu" ilishatolewa dhidi ya udi, na leo ukiwauliza wazee watakwambia kaban ndiyo asili yenyewe.

Mwaka huo huo wa 1924, huku pwani ya Kenya, alizaliwa Fundi Konde. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikwenda Burma na jeshi, akiwa katika kikosi cha burudani. Baada ya vita akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Weka hao watu wawili kwenye ramani, mmoja kaskazini na mwingine kusini. Katikati yao ni sisi. Sasa swali linakuwa zito kidogo: nyuzi zilikuwa zinalia pande zote mbili, mbona hapa katikati kimya?

Jibu liko kwenye sheria, si kwenye damu wala dini. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifanya Northern Frontier District kuwa eneo lililofungwa. Kuingia kibali, kutoka kibali. Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, sisi tuliufurahia siku 16 tu. Tarehe 28 mwezi huo huo ikatangazwa hali ya hatari Kaskazini Mashariki, na vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Vita viliisha lakini sheria za hatari hazikuisha. Zilibaki hadi Novemba 1991. Kuna watu Garissa waliozaliwa, wakaoa na kupata watoto ndani ya sheria hizo.

Fikiria bendi ni kitu gani. Ni watu saba au kumi, ngoma, spika, gari la kubeba hivyo vyote, na usiku. Ukiondoa usiku kwa kafyu, na ukiondoa gari kwa vizuizi vya barabarani, hakuna bendi tena, hata kama vipaji vimejaa mtaa mzima. Miaka hiyo hiyo Nairobi ilikuwa inachemka. Simba Wanyika walikuja kutoka Tanga. Les Mangelepa na Super Mazembe walikuja kutoka Kongo. D.O. Misiani alileta benga kutoka upande wa ziwa. Gitaa lilivuka mipaka ya nchi tatu kufika River Road, lakini halikuendelea kilomita 370 zilizobaki kuja mashariki. Na hata lingefika, lingechomekwa wapi? Kwa miaka mingi umeme wa mji huu ulitoka kwenye jenereta za dizeli. Leo tuna mtambo wa sola wa megawati 54.6, uliozinduliwa Desemba 2019, lakini gitaa la umeme lilivumbuliwa karibu miaka 90 kabla yake.

Kilichoweza kupita vizuizi ni sauti. Redio Mogadishu ilikuwa hewani tangu 1951, na hewa haiombwi kibali. Baadaye zikaja kaseti, ambazo unaweza kuzibeba ishirini ndani ya gunia la sukari. Na vyombo vya kuzipigia, redio za transista na redio kaseti, vingi vilikuwa vya Wajapani: National, Sony, Sanyo. Garissa ilijua sauti ya gitaa vizuri sana kabla ya kuliona gitaa lenyewe. Mama mdogo, habaryar, aliishi Kismayo kabla ya vita vya huko. Nilipomweleza mipango yangu hakushangaa hata kidogo. "Sisi tuliolewa kwa gitaa," aliniambia. "Hao wanaosema si letu wamezaliwa jana."

Sasa twende Japani, kwa sababu hata gitaa lenyewe lina historia ya kuambiwa halifai.

Japani ilitoka vitani mwaka 1945 ikiwa imeungua. Mwaka uliofuata, kampuni ya Teisco ilianzishwa Tokyo. Kufikia miaka ya 1960 vijana wa Marekani walikuwa wanataka magitaa ya umeme kuliko viwanda vya kwao vilivyoweza kutoa, na Wajapani wakajaza lile pengo kwa magitaa ya bei ya chini, yaliyouzwa hata kwenye maduka ya Sears kwa majina ya kuazima. Watu waliyacheka. "Made in Japan" wakati huo ilitamkwa kwa ile sauti tunayotumia leo tukisema "aah, hiyo ni China." Aliyeyachukua kwa moyo mmoja ni mtu kama Hound Dog Taylor wa Chicago, mpiga blues aliyejulikana kwa gitaa lake la bei rahisi la Kijapani, na hadi leo watu wanatafuta sauti ile.

Jina Ibanez lenyewe si la Kijapani. Kampuni ya Hoshino ya Nagoya ilianza mwaka 1908 kama upande wa muziki wa duka la vitabu. Ilikuwa ikiagiza magitaa ya fundi wa Kihispania, Salvador Ibáñez, na baadaye ikalichukua jina hilo na kuliweka kwenye magitaa yake. Mengi yake yalitengenezwa na FujiGen, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1960 katika mji wa Matsumoto, mji wa milimani wenye mafundi mbao. Hapo hapo Matsumoto kulikuwa na kiwanda kingine, Matsumoku, kilichofungua milango mwaka 1951. Kazi iliyokijenga ilikuwa kutengeneza makabati ya mbao ya cherehani za Singer. Ukipita sokoni ukaona fundi nguo kibarazani na Singer yake nyeusi, jua kwamba kampuni ile ile ililisha mafundi waliokuja kuchonga magitaa ya Aria na Epiphone.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mafundi hao walianza kunakili magitaa ya Wamarekani, Gibson na Fender, umbo kwa umbo. Hapa ndipo wengi husema: si unaona, feki. Lakini kuna kunakili kwa aina mbili. Kuna kwa mwizi, anayetaka tu lifanane kwa mbali. Na kuna kwa mtoto wa dugsi, anayeandika aya kwenye ubao wa loox, anaiosha, anaiandika tena, mpaka siku moja ubao hauhitajiki. Wajapani walinakili namna hiyo ya pili. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kazi yao ilikuwa nzuri hivi kwamba mwenye asili akaanza kuumia.

Juni 1977, Norlin, kampuni iliyomiliki Gibson, iliishtaki kampuni iliyosambaza Ibanez Marekani kuhusu umbo la kichwa cha gitaa. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama mwaka uliofuata, na Ibanez wakaendelea na maumbo yao wenyewe. Mwaka 1976 Yamaha walikuwa wametoa SG2000, ambayo Carlos Santana aliipiga. Mwaka 1982 Fender wenyewe, badala ya kupigana, wakaanzisha Fender Japan pamoja na makampuni mawili ya Kijapani, na kazi ya kuchonga ikapewa FujiGen. Mwanafunzi aliitwa kufundisha.

Halafu pesa ikaamua. Septemba 1985, mataifa matano tajiri yalikubaliana katika hoteli ya Plaza, New York, kushusha thamani ya dola. Ndani ya miaka kama miwili na nusu, yen ilikaribia kupanda maradufu. Gitaa la Japani likawa ghali kwa mnunuzi wa nje, na kazi ya magitaa ya bei ya kati ikahamia Korea, baadaye Indonesia na China. Matsumoku ilifungwa mwaka 1987. Ndiyo maana mtu anayetafuta mtumba mzuri hutafuta hasa magitaa ya kati ya miaka ya 1970 hadi mwisho wa 1980: mafundi walikuwa wameiva, na bei ya kuyatengeneza bado ilikuwa chini.

Kumbuka mwaka huo, 1987. Matsumoto kiwanda kinafunga. Mogadishu, Dur-Dur Band wanarekodi Volume 5 kwenye studio za Redio Mogadishu. Mwaka unaofuata mabomu yaliangukia Hargeisa, na watu wa redio ya huko walizika kanda zao ardhini ili zisiangamie. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka. Wanamuziki wakatawanyika. Maryam Mursal wa Waaberi alitembea kuvuka Pembe ya Afrika na watoto wake watano hadi Djibouti, kisha akafika Denmark. Wengine walishuka kusini, wakavuka Liboi, wakaingia kwetu. Ifo, Dagahaley na Hagadera, zile kambi za Dadaab, zilianza kufunguliwa mwaka huo wa 1991.

Na huo huo, 1991, mwezi wa Novemba, ndio Kenya ilifuta sheria za hatari za Kaskazini Mashariki. Hiki ndicho kitu kilichonifanya niandike. Barabara ya Nairobi ilifunguliwa kwetu mwaka ule ule ambao Mogadishu ilizimika. Watu waliojua kupiga walifika mkoa wetu hatimaye, lakini walifika bila vyombo, wakiwa na kadi za mgao wa chakula. Mtu akikimbia na watoto habebi amplifaya. Kwa hiyo kizazi changu kilikua kikiona wanamuziki wasio na magitaa na harusi zenye kinanda kimoja. Kinanda ni rahisi: mtu mmoja, mashine moja, midundo yote iko ndani. Tukadhani ndivyo muziki wetu ulivyo tangu zamani. Mwaka 2010 wapiganaji wakaziamuru stesheni za redio za Mogadishu ziache kupiga muziki, na baadhi ya watu huku wakaanza kuona kimya kama desturi.

Haikuwa hivyo kwa wote. Wanawake wa Garissa wa kundi la Gargar walirekodi na Ketebul Music ya Nairobi albamu iitwayo Garissa Express. Huko Hargeisa, Redsea Cultural Foundation imehifadhi kaseti zaidi ya 10,000. Mwaka 2017 na 2019 zilitoka albamu mbili za mkusanyiko, Sweet as Broken Dates na Mogadisco, na vijana wa Eastleigh waliokuwa hawajawahi kusikia gitaa la Kisomali wakaanza kutumiana viungo usiku kucha. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisikiliza ile mipigo ya dhaanto, gitaa linagonga pale katikati ya midundo kama reggae, nikasema: walahi, hii lazima nijifunze.

Basi, kununua. Nitakueleza nilivyofanya, kwa sababu najua kuna mtu Wajir au Mandera anasoma na ana hamu hiyo hiyo.

Sisi Wakenya ni mabingwa wa "ex-Japan". Tunajua kwamba gari la mtumba likiingia nchini lisizidi miaka minane. Gitaa halina sheria hiyo. Miaka 40 kwake si uzee kama mbao ni nzima. Huko Japani kwenyewe mtumba ni biashara ya heshima, na kuna maduka kama Hard Off yenye kona nzima za magitaa yaliyochoka. Mengine hufika Nairobi mikononi mwa watu, mengine huletwa na wanaorudi kutoka nje, na mengi huzunguka kanisa hadi kanisa. Abti hakukosea kabisa.

La kwanza la kuelewa: chapa ya Kijapani si sawa na kutengenezwa Japani. Ibanez nyingi madukani leo zimetoka Indonesia au China, na Yamaha vilevile. Si mbaya, ila usilipie bei ya Matsumoto kwa kitu cha kwingine. Geuza gitaa, soma nyuma ya kichwa au pale shingo inapoungana na mwili. Kwa Ibanez za kuanzia 1975 hadi katikati ya miaka ya 1980, namba huanza na herufi moja ya mwezi, A hadi L, kisha tarakimu mbili za mwaka. D78 ni Aprili 1978. Kwa Fender za Japani, namba zinazoanza na JV ni za miaka ya mwanzo kabisa, 1982 hadi 1984. Na muuzaji akikwambia gitaa lake ni "la ile kesi", tabasamu tu. Kesi ilikuwa moja, ya kampuni moja, lakini kila nakala ya miaka ya 1970 siku hizi inauzwa kwa hadithi hiyo ili bei ipande.

La pili, shingo. Lishike gitaa kama unavyolenga bunduki ya kuchezea, uangalie kutoka kwenye daraja la nyuzi hadi kichwani. Ukiona shingo imejikunja kama kamba, acha. Ikiwa imepinda kidogo tu mbele au nyuma, kuna chuma ndani yake kinachoweza kukazwa kwa ufunguo, lakini hakikisha hicho chuma bado kinazunguka. Halafu freti, vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo. Kama zimelika hadi zimekuwa bapa, hesabu gharama ya fundi kabla ya kutaja bei.

La tatu, umeme wake. Chini ya nyuzi kuna pikapu, na si ile ya Toyota. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa. Chomeka, gonga kila pikapu, zungusha kila kitufe. Kikikwaruza usiogope, mara nyingi ni vumbi. Ikinyamaza kabisa, uliza maswali.

La nne limeunguza pesa za wengi: amplifaya ya Japani hutumia volti 100. Soketi yetu ni 240. Gitaa lenyewe halina shida, lakini ukichomeka amplifaya hiyo ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, utanusa moshi kabla ya noti ya kwanza. Chukua amplifaya ya hapa hapa.

Mimi nilimpata jamaa mmoja Nairobi, mpiga gitaa wa kanisa, aliyekuwa anauza Ibanez Blazer. Alianzia elfu 45. Nikageuza, nikasoma: H80. Agosti 1980. Shingo ilikuwa imenyooka, freti zina uhai, kitufe cha sauti kinakwaruza, tundu la waya limelegea. Tukakubaliana elfu 38, nikatuma M-Pesa, nikapanda basi nikiwa nimelipakata kama mtoto. Pale kizuizi cha daraja la Tana askari aliniambia nifungue begi. Akaliangalia, akauliza kama najua kupiga. Nikamwambia bado. Akaniambia nifunge niende.

Kitufe kilitengenezwa na fundi wa redio hapa mjini, mtu wa makamo aliyezifungua National nyingi kuliko idadi anayokumbuka. Alifungua gitaa, akachungulia, akacheka. Ndani kuna waya chache tu, rahisi kuliko redio yoyote aliyowahi kushika. Akalehemu tundu, akapuliza vumbi, akanitoza mia tatu. Kitu kimoja hakuna fundi anayeweza kukiondoa: hewa yetu. Mbao zilizokaa Nairobi zikifika kwenye joto na ukavu wa Garissa hunywea, na ncha za freti zinatokeza pembeni zinakukwaruza vidole. Dawa ni tupa ndogo, mkono mwepesi, na sponji yenye unyevu ndani ya begi.

Kuna jambo la namba hiyo ambalo bado linanikaa kichwani. Mafundi wa Japani walilimaliza gitaa hili Agosti 1980, wakaligonga herufi na tarakimu ili mtu yeyote, popote, ajue lilizaliwa lini. Miezi mitatu baadaye, Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa hapa mjini, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Karatasi na watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule. Familia zinazokumbuka siku zile hazina namba yoyote mikononi. Zina maneno tu, na maneno hayo yanazeeka pamoja na wenyewe. Muziki wetu uko hivyo pia. Gitaa langu lina cheti cha kuzaliwa, lakini mtu aliyecheza harusini Kismayo mwaka 1985, ambaye leo anauza maziwa ng'ambo ya soko, hana hata picha.

Kwa hiyo ukipata gitaa lako, usianzie YouTube. Uliza nyumbani kwanza. Karibu kila ukoo hapa una abti, adeer au habaryar aliyeimba, aliyepiga, au aliyesimama karibu na jukwaa akaona vidole vya mpigaji. Mpelekee chai, washa simu irekodi, mwambie akuimbie ile sehemu ya gitaa kwa mdomo. Habaryar ameshanipa nyimbo nne namna hiyo, anahamisha sauti yake juu na chini, anagonga meza kwa kidole pale gitaa linapoingia. Mbili nimeshazishika. Ya tatu ina sehemu moja ananikosoa kila Ijumaa, na anasema bado naipiga kama mtu wa keyboard.